Konokono wa Namba Nne

Dada yangu hasalimii kama watu wengine. Akikupa mkono anaushika, kisha anasahau kukurudishia wako. Kidole gumba chake kinatembea taratibu juu ya kifundo chako, kinasikiliza kama kinakunjika laini au kinakwamakwama. Ukimpa habari za nyumbani ataitikia "nzuri, nzuri", hata kama umemwambia nyumba imeungua, kwa sababu hayupo na wewe, yupo na vidole vyako. Mwenye nyumba wetu wa zamani, mgane wa watu, alishikwa hivyo dakika nzima pale mlangoni. Akarudi kwake akanyoa ndevu, akavaa shati jipya, akaanza kupitapita dirishani kwetu jioni. Alichoambulia ni barua ya kumtaka afike kliniki Jumatano saa mbili asubuhi bila kukosa.

Nakubali kwamba barua ile ilimwongezea miaka ya kuishi. Lakini shati lilikuwa zuri, na mimi nilimwonea huruma.

Mimi ni mdogo wake, tumepishana miaka tisa. Kazi yangu ni ususi. Mtaani wananiita Shoto kwa sababu kitana nakishika kwa mkono wa kushoto, na saluni yangu nayo ni hivyohivyo, Saluni ya Shoto. Yeye nyumbani tunamwita Profesa. Wasiojua hudhani tunampa heshima yake. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na miwili, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na chanzo chake ni baba.

Baba alikuwa karani aliyesifika kwa mwandiko. Hati za watu za nyumba na viwanja zilipita mkononi mwake, na wapo waliozitundika ukutani kama picha. Kisha mwandiko ukaanza kusinyaa. Herufi zikawa ndogo mwezi hadi mwezi, mpaka mkubwa wake wa kazi akawa anazisoma kwa kioo cha kukuzia. Baada ya hapo mkono ukaanza kutetemeka, na mtaa ukatoa hukumu siku hiyohiyo: mzee kalewa. Baba hakuwahi kuonja kilevi maishani mwake. Kazini walimpumzisha kwa maneno mazuri, naye akajipumzisha na watu. Alikaa nyuma ya pazia, mikono chini ya gazeti, na mgeni akipiga hodi aliingia chumbani.

Haya nimesimuliwa, nilikuwa na miaka mitatu. Ninachosimuliwa zaidi ni habari za kikombe. Kila asubuhi dada alijaza kikombe maji mpaka ukingoni, akampa baba atembee nacho kutoka mezani hadi kwenye kiti chake, hatua kumi na moja. Yeye alimfuata nyuma kwa magoti, akihesabu matone sakafuni na kuyaandika kwenye daftari la hesabu. Baba hakumruhusu mtu mwingine yeyote aitazame mikono yake, ila huyo alimruhusu. Mama alikuja nyuma yao na tambara, akinung'unika kwamba profesa huyu atatuvunja miguu sote kwa utelezi. Jina likaganda. Daftari lile dada analo mpaka leo. Kurasa za mwisho hazina matone, kwa sababu baba hakuweza tena kusimama.

Basi akasoma. Alisoma udaktari, akasoma tena ubongo na mishipa ya fahamu, akaenda mbali akasoma zaidi, akarudi na sanduku moja la nguo na matatu ya karatasi. Akaajiriwa kwenye taasisi ya utafiti, jengo la ghorofa nne lenye lifti ambayo sijawahi kuiona ikipanda. Maabara yake iko ghorofa ya nne. Humo kuna jokofu lenye tangazo la herufi kubwa, ni marufuku kuweka chakula, na ukilifungua unakutana na chakula chake cha mchana.

Dawa yake ya kwanza ilimchukua miaka sita. Alinieleza jinsi zinavyopimwa, nami nikaelewa kwa tabu. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu wanapewa vidonge vya unga mtupu vinavyofanana nayo kama mapacha. Mgonjwa hajui anameza nini, na dada mwenyewe hajui kampa nani nini, orodha imefungiwa kwenye bahasha. Siku ya kuifungua bahasha ikaonekana unga umefanya kazi sawasawa na dawa. Tena mgonjwa aliyepata nafuu kuliko wote, dereva mstaafu aliyekuwa ameanza kucheza muziki kliniki, alikuwa anakula unga. Dada akaenda chooni akalia, akanawa uso, akatoka kumpongeza dereva.

Dawa ya pili ilituliza mikono vizuri sana, tatizo ikatuliza na mwenye mikono. Watu walilala katikati ya sentensi. Bibi mmoja alikuwa akimgombeza mkwewe, akasinzia kabla ya kufika kwenye tusi, na familia ikaomba dawa iendelee. Dada aliisimamisha.

Ya tatu ndiyo aliyo nayo sasa, na hii inaonekana ina kitu. Hairudishi mkono uliokwisha kuharibika. Inachofanya ni kuuchelewesha ugonjwa, na ni kwa mtu anayeianza mapema tu, ndani ya miaka mitatu tangu kidole cha kwanza kitikisike. "Mapema" ndilo neno la dada siku hizi. Analisema kwenye harusi, analisema kwenye misiba, nadhani analisema usingizini. Naomba msomaji alishike neno hilo, maana mimi nililisikia mara elfu na halikunisaidia.

Sasa nije kwenye ndoa yake, hadithi ninayoipenda kuliko zote, niliyoisimulia kwenye kila sherehe ya ukoo kwa miaka ishirini na sita. Taasisi ilihitaji bango jipya juu ya geti. Akaitwa mwandishi wa mabango, kijana mwembamba wakati huo, akapanda ngazi na kuandika jina lote la taasisi kwa mkono mtupu, bila rula. Mnajua majina ya taasisi, hilo lilikula mistari miwili. Dada akatoka kwenda kula, akasimama chini ya ngazi nusu saa. Hapo mimi huwa natulia kidogo ili watu waache kutafuna. Kisha nasema: alikuwa anatazama mkono. Mkono haukutikisika hata kwenye herufi S. Akauchumbia mkono, akauoa mkono, na mwenye mkono akaja kama nyongeza. Watu wanavunjika mbavu. Shemeji naye anainua mkono wake wa kulia juu watu wauone, anauzungusha kama bidhaa ya dukani, anacheka na wengine.

Ni shemeji mzuri. Mtaani wanamwita Rangi, kwa sababu hakuna nguo yake isiyokuwa nayo. Anaimba akifanya kazi, anaimba vibaya, na hajui kwamba anaimba vibaya.

Kuujua mkono unaoumwa, dada anasema, lazima kwanza uujue mkono mzima na jinsi unavyozeeka. Kwa hiyo alikusanya mikono mizima arobaini: mlinzi wa geti, manesi, majirani, na sisi ndugu tusio na pa kukimbilia. Kila mkono una namba, na majina hayaandikwi, yapo kichwani mwake tu. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana nyumbani kwake, tunapewa karatasi na kalamu tuchore konokono. Unaanza katikati, unazunguka kwenda nje mizunguko mitano, kiwiko kikiwa juu, hakigusi meza. Mstari ukitikisika, dada ataupima kwa mashine yake na kujua mengi kuliko unavyotaka ajue.

Kanuni yake kubwa ni kwamba haruhusiwi kutazama. Mkono ukijua unatazamwa, anasema, unatetemeka hata kama ni mzima. Kwa hiyo anatoka, anafunga mlango, anasimama kwenye korido na saa yake, anaita "anzeni" na kuhesabu dakika mbili. Siku moja sufuria iliungua jikoni, naye alisimama pale akinusa moshi mpaka dakika zilipotimia. Kwa maneno mengine, dakika mbili kila mwezi sayansi ilikuwa mikononi mwetu. Alituamini. Anapima kila kitu duniani isipokuwa ndugu zake.

Shemeji alikuwa Namba Nne, mimi Namba Saba, tukikaa bega kwa bega. Mwaka wa kwanza alichora mwenyewe. Mwaka wa pili akachoka.

"Shemeji," aliniambia mlango ulipofungwa, "mimi nimeandika jina la benki kwa herufi zinazokuzidi urefu. Leo nichoreshwe konokono kama mtoto wa chekechea?"

"Chora, dakika zinakwenda."

"Nichoree. Nitakupa paja langu la kuku."

Nikachora wawili. Mkono wa msusi una mbio, dakika zilibaki. Mwezi uliofuata akaisukuma karatasi kwangu, na paja likaja sahani ya pili. Nitasema ukweli wangu: sikuwaza hata kidogo. Nilidhani karatasi zile zinaishia kwenye kabati kama risiti za umeme. Mzaha huo ulidumu miaka kumi na moja, na nikanenepa.

Mwaka mmoja na nusu uliopita bango la saluni yangu lilikuwa limepauka. Shemeji alikuwa ameacha kazi. Alisema siku hizi mabango yanachapishwa kwa mashine, na kwa kuwa ni kweli, hakuna aliyemuuliza zaidi. Nikambembeleza aniandikie mimi tu, akakubali shingo upande. Akaja Jumatatu, siku nisiyofungua. Mimi nilikuwa ndani nafua mataulo. Nilipotoka kumpa chai nikaiona S ya Saluni. Ilikuwa na mabega. Kingo zake zilipanda na kushuka, na rangi ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye mlango. Yeye alikuwa bado juu ya ngazi, brashi mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umekishika kifundo cha ule wa kulia kama mtu anayemzuia mbuzi.

"Rangi mbovu hii," akasema.

"Shemeji, shuka."

Akashuka. Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, chini ya kikausha nywele, akatazamana na kioo. Mkono ulikuwa juu ya paja unatikisika peke yake, kidole gumba kikisugua cha shahada, kama anahesabu noti zisizokuwepo.

"Tangu lini?"

"Miezi mitano, sita. Kilianza kidole kimoja, nikadhani nimekilalia."

"Na mkeo hajui." Nilisikia nilivyosema, nikaona upuuzi wake. "Shemeji, unaishi na mtu anayetafuta dawa ya kitu hikihiki. Ni sawa na kuolewa na fundi bomba na kulala kwenye maji."

Hakucheka. "Nikimwambia, hatanitazama tena usoni. Atanitazama vidole. Wewe unamjua. Anatazama vidole vya watu asiowajua, sembuse vyangu." Akauficha mkono katikati ya magoti. "Halafu alinipendea mkono huu, si wewe mwenyewe unayesimulia? Huu ukienda, nabaki na nini? Kitambi?"

Hapo alicheka yeye, macho yamelowa. Mimi nikamwekea kikombe cha chai upande wa mkono wa kushoto.

Akaniapisha nisiseme mpaka dawa ya tatu ikamilike. Kahangaika na mkono wa baba yenu tangu utotoni, aliniambia, nisimwongezee na wangu. Nikaapa. Neno "mapema" nilikuwa nalijua vizuri, na bado nikaapa, na kila Jumamosi ya kwanza nikaendelea kuchora konokono wawili. Paja la kuku nililikataa, akalazimisha, nikalila bila kulisikia ladha.

Mwezi uliopita dada akawaonyesha wataalamu matokeo ya mikono mizima. Ukumbi ulijaa, na sisi ndugu tukapewa viti vya mbele kama wazazi wa bibi harusi. Kwenye ukuta kulikuwa na grafu yenye mistari arobaini, mmoja kwa kila mkono, na yote ilikuwa inapanda polepole kadiri miaka inavyokwenda. Isipokuwa miwili. Wa Namba Saba ulilala tu. Wa Namba Nne, niliokuwa nauchora wa pili mkono ukishapata moto, ulikuwa unashuka.

"Mkono huu," dada alisema, na uso wake uling'aa, "una miaka hamsini na minane, na hauzeeki. Kila mwaka unatulia zaidi. Tukiuelewa mkono huu tutakuwa tumefika mbali."

Nikateleza kwenye kiti mpaka magoti yakagusa jukwaa. Pembeni yangu mwenye mkono usiozeeka alikuwa ameuzika mfukoni. Watu walipopiga makofi, yeye alipiga paja kwa mkono wa kushoto.

Walioliokoa jahazi ni watu wa takwimu. Nasema watu, ila ni mama mmoja mkimya, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, ambaye kazi yake ni kukagua hesabu za wenzake na kuwaharibia siku. Alizitandaza karatasi zote mezani na kumwita dada.

"Mikono thelathini na minane inazungusha upande huu," alimwambia. "Saba, na Nne kuanzia mwaka wa pili, wanazungusha upande ule. Na wote wawili wanamalizia na kimkia, kama mtu anayefunga msuko. Profesa, hawa ni mapacha au ni mtu mmoja."

Miaka yote hiyo dada alikuwa akitafuta mtikisiko. Konokono kazunguka kulia au kushoto, hilo halikuwa swali lake, kwa hiyo hakuliona. Ndivyo alivyo.

Alikuja saluni Jumanne mchana. Nilikuwa na kichwa cha mwalimu wa shule ya jirani, nimefika nusu. Dada aliingia, hakumsalimia mtu, hakushika mkono wa mtu, na hapo nikajua mambo yameharibika. Akabana karatasi mbili kwenye kioo kwa vibanio vyangu mwenyewe. Akanipa ya tatu, nyeupe.

"Chora."

Nikachora pale kwenye droo ya mafuta. Mkono wa kushoto, mizunguko mitano, na mkia ukajitia wenyewe. Akaibana karibu na zile mbili. Mwalimu akanyoosha shingo.

"Mbona ni huyohuyo?" akasema.

"Dada, nisamehe," nikaanza. "Ni miaka kumi na moja, tulianza kama mzaha, kulikuwa na kuku..."

"Siulizi konokono. Mkono wake unatetemeka tangu lini?"

Nikakaa kwenye ndoo. "Miaka miwili kasoro."

Alihesabu midomoni, nikaona mabega yakishuka kidogo. Miwili ilikuwa bado haijawa mitatu. Kisha akakaa kwenye kiti kilekile alichokaa mumewe.

"Jana nilikula naye," alisema. "Anakunywa chai kwa mkono wa kushoto. Mashati kaacha, anavaa fulana, kwa sababu vifungo vinamshinda. Anaandika herufi ndogondogo kama baba. Niliyaona hayo yote, Shoto, mwaka mzima. Angekuwa mgonjwa ningeyaona kabla hajafika kwenye kiti. Kwake nilidhani anapenda fulana. Nikamnunulia nyingine tatu."

Nikamweleza yote: ngazi, S yenye mabega, kiapo. Nilipofika pale kwenye kutazamwa vidole alijitazama kwenye kioo kwa muda. Nilipofika kwenye kupendewa mkono aligeuka.

"Nani kamwambia nilimpendea mkono?"

"Mimi. Kwenye kila sherehe. Wewe mwenyewe ulikuwa unacheka."

"Nilicheka kwa sababu unasimulia vizuri," akasema, na ndipo akalia. "Baba alijificha kwa watu wote isipokuwa mimi. Huyu kajificha kwangu peke yangu."

Nikalia na mimi. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu, maana nilikuwa nikimchoma mtu msumari miaka ishirini na sita huku nikidai makofi. Mwalimu, nusu ya nywele zake bado zikiwa wima, alitupitishia taulo.

Siku ya pili yake dada alisimama mbele ya wenzake akasema bila kuzunguka kwamba Namba Nne ni mdogo wake, msusi, aliyekuwa analipwa kwa mapaja ya kuku. Akaliandikia jarida lililotaka kuchapa matokeo, akazifuta Nne na Saba. Mama wa takwimu akapiga hesabu upya kwa mikono thelathini na minane, matokeo yakasimama. Taasisi ilicheka wiki nzima. Mpaka leo mlinzi wa geti akiniona ananiuliza kama nimeshakula kuku.

Shemeji hakuambiwa. "Mwache achore mwenyewe," dada alisema. Kwa siku nne nilitembea na siri mbili zinazogombana, moja ya mume na moja ya mke.

Jumamosi ikafika, na safari hii tulikuwa watatu tu. Tukala. Dada akatoa vyombo, akamimina chai, akaweka karatasi moja mbele ya shemeji. Mbele yangu hakuweka kitu.

"Na Shoto?" shemeji aliuliza.

"Namba Saba kafukuzwa."

Akaenda mlangoni kama kanuni inavyotaka. Shemeji aliniangalia kwa macho ya mtu aliyesahauliwa kituoni. Nikainamisha kichwa.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "leo sina mkono."

Akaelewa. Niliona jinsi alivyoelewa, rangi ya uso ikabadilika. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akairudisha mezani, akaichukua kwa wa kulia, ncha ikaanza kugonga karatasi tak-tak-tak kabla hajaanza hata kuchora. Nilimsubiri dada atoke na kufunga mlango. Alikuwa ameshika kitasa. Hakuita "anzeni". Akakiachia, akarudi, akavuta kiti, akakaa kutazamana na mumewe.

"Profesa, kanuni," shemeji akasema. "Mkono ukitazamwa unatetemeka."

"Sitautazama."

Na kweli hakuutazama. Alimtazama usoni, machoni, paji la uso, yale makunyanzi ya kucheka. Shemeji akaanza kuchora. Kalamu ilikuwa inakwaruza na kuruka, meza yenyewe ilikuwa inatikisika, vijiko vilikuwa vinalia kwenye visahani. Dada hakushusha macho.

"Siku ile kwenye ngazi ulikuwa unaimba," alimwambia. "Ulikuwa unaimba vibaya sana, na kwa sauti. Maneno ulikuwa umeyasahau, ukawa unatia ya kwako. Nilisimama nusu saa nione kama utapatia mstari hata mmoja. Mkono sikuuona. Habari za mkono ni za Shoto, naye hakuwepo hata."

Kalamu ilisimama kidogo. "Nilipatia?"

"Hata mmoja."

Shemeji alicheka, machozi yakamdondoka kwenye karatasi, akaendelea kuzungusha mpaka wa tano. Akaisukuma karatasi upande wa mkewe, taratibu, kama mtoto anayepeleka daftari kwa mwalimu mkali. Dada akaigeuza ikatazama meza, akaweka kisahani juu yake.

"Jumatatu unakwenda kwa mwenzangu, chumba namba sita," alisema. "Mke haruhusiwi kukutibu. Bado ni mapema, atakuambia mwenyewe."

"Na konokono?" nikauliza, maana mimi siwezi kunyamaza. "Humpimi?"

"Kesho."

Nimemjua dada yangu maisha yangu yote na sijawahi kumwona akiacha mkono wa mtu mpaka kesho. Shemeji naye alilijua hilo. Akanyoosha mkono wake wa kulia, ukitetemeka waziwazi mbele yetu wote wawili, akainua kikombe chake cha chai. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Matone yakadondoka kwenye kitambaa cha meza, mengi tu, kutoka kwenye kisahani mpaka mdomoni, na dada hakuyahesabu.